Wanga wa Usiku

Mimba yangu ya kwanza ilininenepesha hadi nikawa sawa na stesheni ya Tabora. Asiyeijua stesheni yetu ajue tu kwamba ni jengo linalojiamini. Na nilianzia mbali, maana niliolewa nikiwa mwembamba kiasi kwamba nikisimama kwenye kona ya chumba mtu angeweza kuninyanyua akafagia. Mume wangu ni fundi cherehani, na zamani hizo alikuwa akiwatambia wenzake kwamba mke wake hamnunulii kitambaa, anamshonea kwa vipande vinavyobaki.

Alikuwa anashonea kwenye baraza ya duka la vitambaa la Mhindi mmoja, mzee mpole, pale Ng'ambo. Tumbo lilipoanza kuonekana akanishonea gauni pana la kitenge cha bluu. Likabana. Akafumua mshono wa kulia, akaingiza ukanda wa kitambaa. Likabana tena. Akafumua wa kushoto. Baada ya hapo akawa haniulizi. Nikimpelekea chakula barazani ananitazama tu, anavuta futi yake shingoni, anatikisa kichwa, anaokota kipande chochote kilichoangukia karibu na pedeli. Mimba inakaribia kukomaa, gauni lile lilikuwa na kitenge, kanga, satini ya bibi harusi wa watu na kipande cha sare ya shule.

"Mama, zunguka mtaa mara moja," mzee mwenye duka alikuwa ananiambia, akivua miwani ili acheke vizuri. "Wateja waone kila nilichonacho dukani."

"Mzee, nikizunguka mtaa mzima kutakucha."

"Basi nusu. Nusu yako inatosha."

Hakuna aliyeona aibu, mimi wala wao. Siku hizi ukimwambia binti kwamba amenenepa anakufuta kwenye simu yake. Sisi tuliambiwa hivyo kama salamu, na tulijibu kwa kushukuru. Wanawake waliokuwa wanauza nyanya kwenye kona yetu walinisimamisha kila asubuhi wanigeuze kama wanachagua boga. "Umenenepa, mwanamke! Fundi anakutunza!" Nami nageuka nyuma, nageuka mbele, nafurahi. Kunenepa kwangu kulikuwa ni cheti cha mume wangu. Nikikonda, yeye ndiye angesutwa.

Sasa, mbali na mtoto nilikuwa nimebeba jambo lingine, nalo ni kidato cha nne. Shule niliiachia njiani nikiwa msichana, kwa sababu ambazo hazichekeshi, kwa hiyo naziruka. Nilipoolewa nikajiandikisha masomo ya jioni. Tulisomea kwenye madarasa ya shule ya msingi, watoto wakishaondoka, jua linapozama. Darasa letu lilikuwa na fundi baiskeli mmoja mwenye mdomo usiolala, mama lishe wa stendi aliyekuwa anakuja bado ananukia vitunguu, mgambo aliyesinzia akiwa ameketi wima, na wengine kama sisi. Madawati yalikuwa ya watoto, yale ya kiti na meza vimegongomelewa pamoja, hayasogei mbele wala nyuma. Kuingia nilikuwa naingia kwa kuvuta pumzi. Kutoka ndiyo kazi.

"Dada," fundi baiskeli aliniambia siku moja nimekwama, "wewe usihangaike. Siku ya mtihani tutakubeba na dawati lako."

Tulicheka mpaka mgambo akaamka. Lakini moyoni sikuwa nacheka sana, kwa sababu nilikuwa nimeshajisajili kufanya mtihani mwaka uleule, na nilijijua. Nikiukosa, huyu mtoto angekuja, angefuatwa na mwenzake, na vitabu vyangu vingeishia kufungiwa maandazi. Nilitaka nifanye mtihani ule kuliko nilivyotaka chochote, ukiondoa embe mbichi na chumvi.

Ndipo akaja mama mkwe.

Alikuja kutoka kijijini kwake Kwihara kwa miguu, kwa njia ile ya zamani ambayo misafara ilipita, kikapu kichwani, shingo imenyooka. Bodaboda alizikataa zote. Alisema zitammwagia karanga zake. Wazee wake walikuwa wapagazi, walibeba pembe za tembo mpaka pwani, na ninaamini kabisa kikapu kile kilikuwa kizito kuliko pembe. Alipokitua, nyumba ilitikisika: karanga, asali kwenye dumu, mtama, kuku wawili waliofungwa miguu, na viazi vitamu vilivyokaushwa vya kila namna, michembe ile ya kukatwa vipande ikiwa mibichi, na matobolwa yale ya kuchemshwa kwanza ndiyo yaanikwe.

"Shikamoo mama," nilimwambia, nikijaribu kupiga goti, tumbo likikataa.

"Marahaba. Usipige goti, utashindwa kunyanyuka. Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Umekula nini?"

"Chai na mkate."

Alinitazama kama nimemwambia nimekula upepo. Tangu siku ile sikuonja njaa tena. Asubuhi uji wa mtama uliotiwa karanga. Saa nne michembe. Mchana ugali. Alasiri matobolwa na maziwa ya mgando. Usiku ugali mwingine, mkubwa kuliko wa mchana, kwa sababu, alisema, usiku ni mrefu na mtoto hajui saa za kula. Nikiacha tonge moja anakaa mbele yangu, mikono mapajani, ananisubiri. Hakuwa anafoka. Angefoka ningeshindana naye. Alikuwa anasubiri tu, na hakuna tonge lililowahi kumshinda kusubiri.

Ikafika siku ya kliniki, akanisindikiza. Mimi nilipandishwa kwenye mizani, mizani ikashangaa, kisha nikapelekwa kupima damu. Mama mkwe akabaki na nesi. Mazungumzo yao niliyapata baadaye sana, lakini nayaweka hapa yanapostahili.

Nesi alikuwa binti mdogo, ametoka Dar es Salaam, anaongea mbio. Foleni ilikuwa ndefu na watoto wanalia kila upande. Akamwambia mama mkwe, "Bibi, huyu mkweo mwili unakwenda kasi mno. Shida ni wanga."

"Wanga?"

"Wanga, bibi. Hasa wanga wa usiku. Huo wa usiku ndio mbaya. Mjitahidi kuupunguza, mtoto asije akapata shida wakati wa kutoka. Anayefuata!"

Mtu aliyesoma angeelewa kwamba nesi anasema habari za ugali, wali na viazi, vyakula vya kutia nguvu mwilini. Mama mkwe hakusoma, na kwake neno wanga lilikuwa na maana moja tu tangu alipozaliwa: wale wachawi wanaotembea usiku bila nguo, wanaowanga kwenye viwanja vya wenzao. Naye kasikia kutoka kwa mtu wa serikali, mwenye gauni jeupe, kwamba wanga wa usiku wamemwandama mkwe wake na wanamtaka mtoto.

Hakuniambia neno. Mjamzito hatishwi; hiyo ndiyo sheria ya kwao. Wala hakumtaja mtu yeyote mtaani wala kumwangalia mtu vibaya, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Alimwambia mwanawe peke yake, akamwapisha asifungue mdomo. Kisha akafanya mambo mawili. La kwanza, alinizuia kutoka nyumbani jua likishazama.

"Mama, nina masomo."

"Masomo yatakusubiri. Mama kijacho hatoki usiku, kuna upepo mbaya."

"Upepo gani na mimi ni mzito hivi? Hata kimbunga hakinisogezi."

"Ndiyo maana nakulisha," akasema, nami nikadhani ananitania.

Hakunitania. Hilo ndilo lilikuwa jambo la pili. Kwa hesabu zake, wanga wakija usiku humbeba mtu wanayemtaka, na mtu mzito habebeki. Kwa hiyo nesi alivyosema wapunguzwe, yeye akaanza kuwapunguza kwa kuniongezea ugali. Sahani ikabadilishwa, likaja sinia.

Nilimlalamikia mume wangu. Yeye akakazana kutia uzi kwenye sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi.

"Mama amesema," akanijibu.

"Nasikia alichosema. Wewe unasema nini?"

"Mimi nasema mama amesema."

Mama lishe wa darasani akawa anapita nyumbani akienda zake, ananisimulia walichosoma jana yake huku amesimama mlangoni, na mama mkwe anamkaribisha vizuri tu kwa sababu kulikuwa bado mchana. Lakini kusimuliwa hesabu ni kama kusimuliwa pilau. Kila jioni kengele ya shule ilipogongwa, na ilikuwa inasikika mpaka kwetu, nilikuwa najikuta nimesimama uani nikiwa na kalamu mkononi, bila kujua nimeishika saa ngapi.

Kliniki ya pili nilikuwepo nasikia kwa masikio yangu, na bado sikuelewa. Nesi alisoma mizani mara mbili, akamgeukia mama mkwe.

"Bibi! Si nilikwambia kuhusu wanga?"

"Ulinambia, mwanangu. Tunapambana nao."

"Mnapambana nao vipi, mbona umezidi?"

"Ndiyo hivyo, wamezidi," mama mkwe akasema kwa huzuni. "Wana nguvu. Lakini mimi silali."

"Ukiona usiku ndio tatizo, basi jioni mapema ufunge kabisa."

"Nafunga. Mlango na madirisha."

Nesi akanitazama. Mimi nikamtazama. Nilidhani mama mkwe anafunga milango ili majirani wasione tunavyokula, na nesi, nadhani, alidhani bibi ameshazeeka. Akaandika kitu kwenye kadi, akaita anayefuata.

Nikajifungua. Binti, mzima, mwenye sauti ya mpiga debe. Sasa ngoja niwaambie kosa langu la hesabu. Miezi yote ile nilikuwa najifariji kwamba uzito ule ni wa mtoto. Nilikuwa nimempangia mtoto wa ukubwa wa ndama. Nikaamini siku ile ya kujifungua nitaingia nikiwa stesheni na kutoka nikiwa ufagio. Basi mtoto akazaliwa wa kawaida kabisa, anaenea kwenye mkono mmoja. Yeye alitoka. Mwili ukabaki. Mume wangu alileta gauni dogo alilokuwa amenishonea kwa furaha, la kutokea hospitali. Lilipita kichwani, likafika mabegani, likakaa hapo kama kofia.

Arobaini nililelewa mpaka nikaona haya. Asubuhi na jioni mama mkwe alinikanda kwa maji ya moto, na nikisema moto yalikuwa moto; anachovya kitambaa, anakamua, anakandamiza, mimi napiga kelele, yeye ananiambia nyamaza, maji haya ni ya uvuguvugu. Kisha mkaja. Mume wangu alikata marekani nzito, ile nguo nyeupe ambayo babu zetu walilipwa kwa kubeba mizigo, akaipinda kingo, na mama yake akanizungushia tumboni akivuta huku ameweka goti mgongoni kwangu. Nilikuwa nimefungwa kama furushi la safari ya pwani. Nikipumua, napumua kwa vipindi. Tumbo lilirudi ndani, nasema kweli. Lakini halikupotea, lilihama. Lilipanda juu ya mkaja na kushuka chini ya mkaja. Na juu ya mkaja ule ule, uji wa pilipili manga, supu ya kuku, na kila usiku lile sinia.

Nazikumbuka sana siku zile. Nimezaa tena baadaye, na wadogo zangu wamezaa, na sijawahi kuona tena mtu mzima anayeamka kabla ya jogoo kuchemsha maji ya mtu mwingine bila kuombwa. Mama mkwe wangu sasa amelala Kwihara, mwisho wa shamba lake la karanga. Mikono yake ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Ilikuwa migumu kama ubao na haikuwahi kuniumiza, pamoja na kelele zote nilizopiga.

Arobaini ikaisha, mtihani ukakaribia, nikaomba tena ruhusa ya jioni.

"Hapana," akasema.

"Mama, si mjamzito tena."

"Una kichanga."

"Kichanga nitakuachia."

"Na wewe mwenyewe nitamwachia nani?"

Sikuelewa. Basi nikaamua kuanza na lile nililoweza: nipungue kwanza, niingie kwenye dawati, halafu vita vya ruhusa vifuate. Jioni ile aliponiwekea sinia nililisogeza pembeni taratibu.

"Ugali sili, mama. Nataka mboga tu. Nataka kupunguza huu mwili."

Alilitazama sinia. Halafu nikaona anafuta macho kwa pindo la kanga. Nilishtuka, sikuwahi kumwona akilia.

"Unaukataa mwili uliokulinda," akasema.

"Umenilinda na nini?"

"Wanga."

"Wanga gani, mama?"

"Wale wa usiku. Nesi alinambia kwa kinywa chake, siku ile umeenda kupima damu. Shida ya mkweo ni wanga wa usiku. Nikakunyamazia kwa sababu ya mimba. Unafikiri kwa nini silali? Unafikiri kwa nini nakujaza? Wangekubeba vipi ulivyokuwa?"

Jamani. Nilicheka. Nilicheka mpaka mkaja ukafunguka wenyewe, fundo na yote. Mume wangu aliyekuwa mlangoni akatoka nje upesi. Nilipokuja kumwona mama mkwe usoni, kicheko kikanikauka.

"Mama, nisamehe. Wanga alioutaja nesi si watu. Ni kitu kilichomo kwenye chakula. Tumekisoma darasani, kwenye Biolojia. Kimo kwenye ugali, kwenye wali, kwenye michembe."

"Wanga wamo kwenye ugali?"

"Umo, ndiyo."

"Kwenye ugali wangu? Niliousonga mimi, kwa mkono huu?"

Nikaona nimetoka kwenye tope nimeingia kisimani. Kwa masikio yake nilikuwa nimemwambia kwamba yeye ndiye anayenilisha uchawi. Alisimama, akachukua sinia, akaenda jikoni, na asubuhi yake nikamkuta anafunga kikapu chake. Michembe iliyobaki alikuwa ameipanga chini, na juu yake kanga zake mbili. Alikuwa anarudi Kwihara.

"Mama, nipe mpaka mchana," nikamwomba. "Nikuonyeshe kwa macho."

Aliacha kufunga.

Darasani mwalimu wetu wa Biolojia alikuwa ametuonyesha jaribio moja ambalo tulilipenda wote, hata mgambo. Unachukua iodini, ile dawa ya kahawia ya kupaka vidonda, unadondosha kwenye chakula. Kama kuna wanga, panageuka bluu iliyoiva, karibu nyeusi. Nikaenda duka la dawa na kifua kikubwa cha mtu aliyesoma, nikarudi na chupa. Nikamkalisha mama mkwe uani juani, nikaweka kipande cha ugali kwenye sahani nyeupe.

"Tazama, mama. Huu ni ugali wako mzuri. Sasa nadondosha."

Nikadondosha. Ugali ukawa mweusi tii kama mkaa.

Mama mkwe aliruka. Mwanamke wa umri ule, nawaambia, aliruka akavuka kinu. "Yesu wangu! Wamo! Kweli wamo!"

"Umo, mama, umo! Ndiyo nilichokuwa nakwambia!"

"Nimewaona! Wamejitokeza!"

Nilijaribu kueleza. Nilisema glukosi, nilisema nguvu za mwili, nilisema mpaka chembechembe. Alikuwa hanisikilizi. Alikuwa ameinama juu ya sahani, anatazama pale peusi kwa umakini ambao sikuwahi kuuona kwa mwanafunzi yeyote. Kisha akanyoosha mkono bila kunitazama.

"Lete hiyo chupa."

Mchana ule nyumba yetu iligeuka maabara. Alidondosha kwenye wali: mweusi. Michembe: myeusi. Matobolwa, aliyokuwa anayapenda kama wanawe, meusi, na hapo alisikitika kidogo. Mkate wa dukani, mweusi. Yai likabaki vilevile, na kahawia tu ya dawa. Maziwa yakapita. Mlenda ukapita. Dagaa wa Kigoma wakapita. Karanga zilisitasita, akaziweka kando akisema hizo atazichunguza. Asali ikapita kwa heshima zote, ingawa mimi nilijua haikustahili kupita, na ilinichukua siku kadhaa kumshawishi kwamba si kila anayenenepesha anakamatwa na dawa ile.

Mume wangu akarudi kula, akakuta meza nzima ina madoa meusi.

"Mama, leo tunakula nini?"

"Mayai," akasema. "Na mikono mtoe juu ya meza."

Kuanzia hapo alipika kwa kufuata chupa. Mchana ugali uliruhusiwa, mkubwa wa wastani, kwa sababu mchana, alisema, hao hawana nguvu. Jioni wanga haukuingia ndani ya nyumba. Nilikula mlenda na dagaa, mchicha na mayai, nikalala mwepesi. Mpaka leo sijui kama aliamini ya kwangu au ya kwake. Nilimuuliza mara moja, akanijibu, "Nimekataza, wamekoma. Unataka nini zaidi?" Na kweli, nesi mwenyewe asingenipangia chakula bora zaidi.

Halafu kulikuwa na kutembea. Jumamosi alikuwa ananichukua mpaka Kwihara kuangalia shamba, mtoto mgongoni kwangu, kikapu kichwani kwake, tunafuata njia ile ya vumbi jekundu. Siku ya kwanza nilikaa chini mara nyingi kuliko nilivyotembea. "Nyanyuka," ananiambia, "hapa watu walipita na pembe." Mimi namjibu kwamba pembe ningeiweka chini, lakini huu mwili nauweka wapi? Anacheka, ananisubiri mbele. Tukifika, tunapalilia kidogo, tunakunywa maji, tunarudi. Na mwili ukaanza kuondoka, polepole, bila kuaga. Mume wangu akatoa ukanda wa kwanza kwenye gauni la kitenge, ule wa sare ya shule. Kisha satini. Mzee mwenye duka akalalamika kwamba tangazo lake linafungwa. Sikurudi kuwa ufagio, na sikuwahi kurudi tena. Nilitua kwenye umbo la mwanamke aliyezaa na kushiba, na umbo hilo ninalo.

Lakini ruhusa bado. Wiki zilizobaki kabla ya mtihani zikawa za kuhesabika. Jioni moja, kengele ya shule imegongwa, nikamfuata pale alipokuwa anachambua dagaa.

"Mama, naomba niende. Hii ni mara ya mwisho kuomba. Nikikosa sasa, nimekosa."

Alichambua vichwa kadhaa vya dagaa.

"Ile dawa ya kahawia," akasema hatimaye. "Uliifundishwa hukohuko usiku?"

"Hukohuko."

"Na hao wenzako wote wanaijua?"

"Wote, mama. Hata mgambo."

Akafikiri. Akanawa mikono. "Basi huko ndiko salama kuliko hapa," akasema. "Nenda ukajifunze na dawa zilizobaki. Ngoja nimbebe mtoto, twende wote. Atataka kunyonya."

Kwamba nilifanya mtihani, na kwamba nilifaulu, mtaa mzima unajua, nimeshawachosha nalo. Mimi naikumbuka zaidi jioni ile ya kwanza. Tulifika darasa limeshaanza. Fundi baiskeli aliponiona akafungua mdomo, akamwona aliyeko nyuma yangu, akaufunga na kusema shikamoo. Wakaitikia darasa zima, shikamoo bibi, wanaume wenye ndevu. Mwalimu akamwomba aingie, akakataa, akasema atakaa barazani. Nikaingia kwenye dawati langu bila kuvuta pumzi.

Tulikuwa katikati ya somo mtoto alipoanza kulia. Nikaanza kunyanyuka. Kupitia dirishani, mwanga wa taa ulivyomfikia, nikaona mkono wake unanipungia: kaa. Akamfunga vizuri mgongoni, akashuka ngazi, akaingia kwenye uwanja wa mpira wa shule, gizani. Yule mwanamke aliyekuwa anafunga madirisha yote jua likizama. Nikamsikia anaimba kwa Kinyamwezi, wimbo wa kubembelezea, sauti ikienda mbali upande wa goli la kule, ikipotea kabisa, kisha inarudi, inakaribia, inapita chini ya dirisha, inaenda tena. Alizunguka hivyo mpaka mtoto akanyamaza, na aliponyamaza hakuacha kuzunguka.

Mwalimu akauliza swali. Nikanyoosha mkono.